Kumrudi Mtu Ili Arudi: Utii na Nidhamu ya Kanisa Kisiwani Idjwi

Kiswahili kimeweka mambo mawili katika kitenzi kimoja. Kurudi ni kuja tena ulikotoka. Kumrudi mtu ni kumwonya na kumtia adabu. Watafsiri wa Waraka kwa Waebrania walipotafuta neno la kueleza jinsi Mungu anavyowatendea wanawe, walilichukua hilo la pili, na msomaji hawezi kulisikia bila la kwanza kuvuma kwa mbali. Naona bahati hiyo ya lugha ina teolojia ndani yake: anayerudiwa anatazamiwa arudi. Je, desturi zetu za nidhamu zinamwachia njia?

Nalipima swali hili kwa Idjwi, kisiwa chenye urefu wa kilomita 40 hivi katika Ziwa Kivu, chenye maeneo mawili ya uchifu: Rubenga kaskazini, Ntambuka kusini. Mjini Bukavu, aliyefungiwa meza ya Bwana na kanisa la mtaa wake anaweza Jumapili ifuatayo kupanda hadi Kadutu akasali kwingine, wala asiulizwe na mtu. Kisiwani si rahisi hivyo. Jirani mliyepakana shamba ndiye mwimbaji wa kwaya, mzee wa kanisa ndiye shemeji yako, na ndani ya boti la kwenda sokoni mnakaa ubao mmoja. Anayetengwa na kanisa huko anakaribia kutengwa na maisha yote. Kwa maandishi adhabu ni ileile. Kwa uzito ni mbili tofauti, na kanuni za kanisa huandikwa mbali na maji.

Kisha kuna swali la nani hasa hurudiwa. Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Kivu, hasa yale ya Kipentekoste yaliyoanzishwa na wamisionari wa Sweden na Norway tangu miaka ya 1920, pombe ni sababu inayojulikana ya kuwekwa chini ya nidhamu. Sasa mfikirie mama anayekamua kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ili alipe ada ya shule. Mitungi yake iko uani, kila mpita njia anaiona. Anayehamisha mpaka wa shamba la mjane huhamisha usiku, na mchana anatoa sadaka kubwa. Sisemi kasiksi ihalalishwe. Hilo ni jambo la kila kanisa na dhamiri yake. Nasema nidhamu inayoona mitungi tu haijui kutazama, na waamini wanalijua hilo vizuri kuliko wachungaji wao wanavyodhani. Utii unaotolewa kwa nidhamu ya namna hiyo ni woga uliovaa nguo za Jumapili.

Hapa wengine watajibu kwamba dawa ni upole: tusamehe, tunyamaze. Jibu hilo nalikataa. Mwaka 2021 Papa Fransisko alitangaza upya kitabu cha adhabu katika sheria ya Kanisa Katoliki, kwa waraka unaoitwa Pascite Gregem Dei, ulioanza kutumika tarehe 8 Desemba mwaka huo. Sababu aliyoitoa ni nzito: viongozi walikuwa wameacha kutumia adhabu kwa kudhani kwamba upendo na adhabu havikai pamoja, na uzembe huo ulileta madhara. Baada ya kashfa za mapadri waliowadhulumu watoto, hakuna asiyejua ni akina nani walioumia kwa upole huo. Kumnyamazia mwenye nguvu ni kumrudi mnyonge kwa kosa ambalo hakulitenda.

Basi mamlaka ya kuwarudi wengine yapate wapi haki yake? Waebrania 13 inawaambia waamini wawatii viongozi wao, na mstari huohuo unawakumbusha viongozi kwamba watatoa hesabu. Mahubiri yetu hupenda nusu ya kwanza. Nusu ya pili, ajabu, wazee wa Idjwi waliielewa kabla ya kufika kwa Biblia. Mwanahistoria David Newbury, katika kitabu chake Kings and Clans cha mwaka 1991, ameonyesha jinsi ufalme wa Basibula ulivyosimama kisiwani kwa kutegemea watu wa koo nyingine. Katika muganuro, ibada ya mavuno ya kwanza, wenye ibada wa koo hizo walikuwa na kazi ambazo mfalme hakuweza kujifanyia mwenyewe. Aliyetiiwa alipokea ufalme wake mikononi mwa waliomtii. Sitaki kuupamba ufalme huo kupita kiasi, nao ulikuwa na mabavu yake. Lakini mchungaji anayejiona amepakwa mafuta kutoka juu tu, asiyeulizwa na baraza wala na washarika, anadai utii ambao hata mwami, yaani mfalme, wa zamani hakuupata.

Mfano wa karibu zaidi tunao Bukavu, jimbo kuu ambalo Idjwi ni sehemu yake. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini tarehe 29 Oktoba 1996. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, aliandika ujumbe wa Noeli ya 1999 akiwakemea wageni waliokuwa wakiipora nchi, na pia Wakongo waliowasaidia. Februari 2000 waasi wa RCD walimzuia asirudi Bukavu, wakamhamishia Butembo. Aliporudi tarehe 14 Septemba, umati ulimpokea kwa shangwe. Tarehe 4 Oktoba akafariki Roma. Waasi walikuwa na bunduki na magereza, na watu waliwaogopa. Kataliko hakuwa na askari hata mmoja, na watu walimtii. Aliwarudi watu wake mwenyewe kwa ukali, wakati yeye alikuwa wa kwanza kulipa gharama ya maneno yake. Sijui kipimo kingine cha mamlaka ya kiroho kinachoshinda hicho.

Lakini si kila padri au mzee wa kanisa atapelekwa uhamishoni, na mama wa kasiksi yupo leo. Kwake yeye ninageukia kanuni ya Benedikto, ya karne ya 6. Abate aliyemtenga ndugu alitakiwa awatume kwa siri wazee wenye hekima wamfariji, asije akazama katika huzuni. Paulo alikuwa amewaomba Wakorintho jambo lilelile. Wale wazee hawakuifuta adhabu. Walikaa tu na aliyeadhibiwa.

Kisiwani kazi hiyo haihitaji bajeti. Barua ya kumtenga mshiriki ikitiwa saini, watajwe hapohapo wawili watakaomtembelea na siku ya ziara ya kwanza. Na wasiwe wengine, wawe haohao waliotia saini. Wakifika uani kwake wataikuta mitungi, na watamkuta mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na itawabidi waketi.