Mafundisho ya Ubuddha kuhusu akili

Mafundisho ya Ubuddha kuhusu akili ni sehemu ya dini na falsafa ya Ubuddha inayoeleza jinsi akili inavyofanya kazi, jinsi inavyozaa mateso na jinsi inavyoweza kufunzwa. Chanzo chake ni Siddhartha Gautama, aitwaye Buddha, aliyeishi kaskazini mwa Bara Hindi yapata karne ya 5 KK. Tangu karne ya 19 mafundisho hayo yamesomwa pia na watu wasiozaliwa katika Ubuddha, kwanza wa Ulaya na Marekani, baadaye wa Afrika Mashariki.

Maneno na maana

Kikwazo cha kwanza kwa mwanafunzi kutoka nje ni lugha. Kipali, ambayo ni lugha ya maandiko ya Theravada, hutumia neno citta kwa akili inayofikiri na kuhisi kwa pamoja. Kiswahili kina akili, moyo na nafsi, lakini hakuna hata moja linalolingana nalo sawasawa. Neno "roho" linaweza kupotosha zaidi, kwa kuwa Ubuddha hufundisha kwamba ndani ya mtu hakuna nafsi ya kudumu (anatta).

Vilevile zoezi linaloitwa kwa kawaida "kutafakari" si kuwaza jambo kwa kina, wala si kuondoa mawazo yote kichwani. Neno la Kipali, bhavana, maana yake ni kukuza au kustawisha. Neno sati, ambalo hutafsiriwa "uzingatifu", asili yake ni kukumbuka: mtu hukumbuka kuangalia linalotokea sasa.

Mafundisho yenyewe

Mtu anaelezwa kuwa mkusanyiko wa mafungu matano: mwili, vionjo (vya raha, vya maumivu, au visivyo raha wala maumivu), utambuzi, mielekeo ya nia, na ufahamu. Akili huhesabiwa kuwa mlango wa sita, pamoja na macho, masikio, pua, ulimi na mwili. Kama jicho linavyopokea rangi, ndivyo akili inavyopokea mawazo.

Kwa mfano, mtu akitukanwa sokoni, sauti hufika sikioni, maana hutambuliwa, maumivu huonjwa, kisha hasira huinuka na mkono hutaka kupiga. Kwa kawaida hayo yote huonekana kuwa jambo moja. Mwanafunzi hufunzwa kuyaona moja baada ya jingine, ili kati ya maumivu na tendo ipatikane nafasi ya kuchagua.

Mizizi mitatu ya mateso ni tamaa, chuki na upumbavu. Njia ya kuing'oa ina sehemu tatu zinazotegemeana: maadili, utulivu wa akili na hekima.

Kazi ya kuchambua akili iliendelezwa katika maandiko ya Abhidhamma. Kwa hesabu ya Theravada kuna aina 89 za ufahamu na mambo 52 yanayoambatana nao. Shule ya Yogachara, inayohusishwa na wanafalsafa Wahindi Asanga na Vasubandhu, ilifundisha ngazi 8 za ufahamu. Ya mwisho hufananishwa na ghala linalotunza mbegu za matendo yaliyopita.

Wanafunzi kutoka nje

Thomas William Rhys Davids, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza huko Ceylon (leo Sri Lanka), alianzisha Pali Text Society mwaka 1881 ili kuchapisha maandiko ya Kipali. Wengine walitoka vitabuni wakaenda kwa walimu. Mjerumani Anton Gueth alikuwa mtawa huko Burma mwanzoni mwa karne ya 20, akaitwa Nyanatiloka, na mwaka 1911 alianzisha makao ya watawa kisiwani Ceylon.

Mwaka 1979 Mmarekani Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha uzingatifu kwa wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, bila kuutaja kama dini. Njia hiyo imeenea hospitalini na shuleni. Baadhi ya Wabuddha husema kwamba uzingatifu ukitengwa na maadili unabaki kuwa kituliza maumivu tu. Wengine hujibu kwamba kumpunguzia mtu mateso kunatosha kuwa sababu ya kuufundisha.

Afrika Mashariki

Dar es Salaam, eneo la Upanga, kuna hekalu la Kibuddha lenye asili katika jumuiya ya Wasinhala waliotoka Ceylon mwanzoni mwa karne ya 20. Nchini Uganda, Steven Kaboggoza, aliyezaliwa mwaka 1966, alikutana na watawa Wathai alipokuwa mwanafunzi India. Mwaka 2002 alipewa utawa huko California, Marekani, akaitwa Buddharakkhita. Mwaka 2005 alianzisha kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe. Ameandika kwamba baadhi ya watu nyumbani walishindwa kuelewa mavazi yake, wakamdhania mganga wa kienyeji au mwendawazimu.

Ulinganisho na jando

Wasomaji wa Masasi na Newala wanaweza kulinganisha mafungo ya Kibuddha na jando na unyago wa Wamakonde, Wamakua na Wayao. Pande zote mbili mwanafunzi hutengwa kwa muda, hufuata miiko, na hufundishwa na wakubwa kwa kutenda zaidi ya kusoma. Tofauti ni kwamba jando humwandaa kijana kuishi na jamii yake, na mafungo humfunza mtu kuiangalia akili yake mwenyewe.

Masasi pia ilipata kujua mjadala unaofanana na ule wa uzingatifu. Vincent Lucas, Mwingereza aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi (1926–1944), hakulikataza jando. Aliona lina mafunzo ya thamani, akaunga mkono jando la Kikristo: kutengwa kwa vijana na mafundisho ya wakubwa vilibaki, sala za Kanisa zikaingizwa, na yaliyopingana na imani yakaondolewa. Katika visa vyote viwili swali ni lilelile: nani ana haki ya kuamua kipi katika mafundisho ni kiini na kipi ni ganda, mgeni anayejifunza au wenyewe waliomfundisha?

Tazama pia

Ubuddha
Siddhartha Gautama
Jando
Unyago
Saikolojia