Bajeti ya kaunti Marekani: hata sherifu anaomba hela

Wadau, kwenye sinema tunamwona sherifu wa Marekani na nyota yake kifuani, tunasema huyu hana bosi. Kweli hajaajiriwa na mtu, kapigiwa kura. Ila kila mwaka lazima aende mbele ya bodi ya kaunti, mahesabu mkononi, aeleze anataka hela kiasi gani na za nini. Nachukua mfano wa Kaunti ya Cook, jimbo la Illinois, lilipo jiji la Chicago.

Cook ina watu zaidi ya milioni 5, ya pili kwa wingi wa watu Marekani baada ya Los Angeles. Bodi yake ina makamishna 17, kila mmoja na eneo lake, na rais wa bodi anayechaguliwa na kaunti nzima (msimchanganye na yule wa Washington). Pembeni wapo wengine wa kura: sherifu, mwendesha mashtaka, karani, mweka hazina, mthamini wa mali. Bodi haiwezi kumfukuza kazi hata mmoja wao. Inachoshika ni mfuko tu, na hapo ndipo kasheshe inapoanzia.

Mwaka wa fedha huanza Desemba 1. Kwa kawaida Oktoba rais wa bodi anatoa mapendekezo, halafu wakuu wa ofisi wanaitwa kuhojiwa hadharani. Sherifu anatetea jela yake, moja ya kubwa kabisa nchini humo. Hospitali za kaunti nazo zinataka chao. Wananchi pia wanaruhusiwa kusema, kisha makamishna wanapiga kura. Ndugu zetu wa Kenya wana kaunti 47, lakini kule polisi ni wa serikali ya taifa, kwa hiyo mvutano wa namna hii hawaujui.

Sasa sikieni kisa cha soda. Novemba 2016 bodi ilitaka kuziba pengo la bajeti kwa kodi ya vinywaji vitamu, senti 1 kwa kila aunsi. Chupa ya lita 2 inapanda kama senti 67, si mchezo! Kura zikafungana 8 kwa 8, rais wa bodi Toni Preckwinkle akaongeza yake, kodi ikapita. Wenye maduka wakakimbilia mahakamani, ikachelewa, ikaanza Agosti 2, 2017. Watu wakaja juu, wengine wakawa wanavuka mpaka wa kaunti kununua soda. Matangazo ya kuiunga mkono na ya kuipinga yakamwagiwa mamilioni ya dola.

Oktoba 11, 2017 bodi hiyohiyo ikaifuta kwa kura 15 kwa 2. Mmoja wa wale wawili alikuwa Jerry Butler, ndiyo, yule mwimbaji wa soul wa The Impressions! Kodi ikakoma Desemba 1.

Wanywaji wakashangilia, lakini kumbukeni ilikuwa msimu wa bajeti, na bajeti ya 2018 ilikuwa imeitegemea kodi hiyo kwa kama dola milioni 200. Maombi ya kila ofisi yakarudishwa mezani kupunguzwa, na wafanyakazi wakaanza kuhesabu nani anabaki nani anaondoka. Hakimu mkuu wa mahakama za kaunti, Timothy Evans, hakukubali watu wake wapunguzwe, akaishtaki kaunti. Yaani hakimu akawa mlalamikaji, dhidi ya kaunti inayolipa mishahara ya wafanyakazi wake!

Mimi kamishna anayekataa kodi simlaumu, maana waliomchagua ndio wanywaji wa hiyo soda. Ninaowashangaa ni wale waliosema ndiyo Novemba, mwaka uliofuata wakasema hapana, bila kuonyesha hela nyingine itatoka wapi. Karani wa mahakama aliyepewa barua ya kuachishwa kazi hakuwahi kupiga kura yoyote kati ya hizo mbili.