Si Kila Mti wa Topeni ni Mkoko

Magazeti yetu yana neno moja, mikoko, kwa msitu mzima wa maji chumvi. Mvuvi wa hori la Port Reitz, kando ya gati za mafuta za Kipevu, hauafiki uvivu huo. Kwake mkoko ni mti mmoja tu, ule wa boriti, wenye mizizi iliyopinda na kuuinua juu ya tope. Na huo ndio tunaousema mambo yakianza kunoga: mkoko unaalika maua. Mchu ni mwingine kabisa. Vijizizi vyake huchomoza wima topeni, vyembamba, urefu wa kidole. Kuna pia mkandaa, muia, mlilana na mkomafi. Kenya ina aina tisa.

Tofauti hizi si madaha. Vijizizi vya mchu ndivyo pua yake: mafuta mazito yakivigandia, kama yale yaliyomwagika kutoka melini hapa Kipevu mwaka 2005, mti hukosa pumzi. Anayeandika “mikoko imekufa” hajamwambia mtafiti wala mpanda miche lolote. Wahariri, mwulizeni mvuvi jina la mti, kisha mlichapishe.