Mswaki wa Asiyeweza Kuushika

Mwaka wa 11 Hijria, Mtume (S.A.W.) akiwa katika maradhi yake ya mwisho, aliingia Abdurrahman bin Abubakar na mswaki mkononi. Mtume akautazama. Bibi Aisha (R.A.) akafahamu kuwa anautaka, akauchukua, akaulainisha kwa meno yake, akampa. Kisa hiki twakisikia mara nyingi, lakini kazi ile ya Bibi Aisha twaipita upesi mno.

Mti wa mswaki hupenda nchi kavu, na nyanda za Dodoma ni miongoni mwa nchi zake. Ila kwetu pwani jina la Dodoma lina uzito mwingine. Mwaka 1927, wakati wa Waingereza, ilifunguliwa huko hospitali ya Mirembe, na kwa miaka mingi wagonjwa wa akili walipelekwa huko kutoka pande zote za nchi. Ikawa kutajiwa Mirembe ni kuitwa mwendawazimu. Kwa kuiogopa aibu hiyo, wako wazee walioanza kusahau, au kutetemeka mikono, wakafichwa chumba cha ndani.

Kutetemeka si wazimu. Ibn Sina alikuandikia katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, na mwaka 1817 tabibu wa London, James Parkinson, aliueleza ugonjwa ambao leo waitwa kwa jina lake. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulikuta kuwa wengi wa wenye ugonjwa huo hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Kinachowaondoa wengi wao ni homa ya mapafu. Koo hulegea, mate na chembe za chakula huingia njia ya pumzi, na uchafu wa kinywa hushuka navyo. Katika nyumba za wazee huko Japani, utafiti wa miaka miwili uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa kati ya waliosafishwa kinywa kila baada ya chakula, 11 katika 100 walipata homa hiyo, wasiosafishwa, 19.

Basi mzee na aketishwe wima, asafishwe kwa mswaki laini au kitambaa kilichokamuliwa vizuri, maji yasimwingie kooni. Meno ya bandia yavuliwe usiku. Akikaza meno, usimlazimishe. Huenda amesahau mswaki ni kitu gani. Mwonyeshe kwanza kinywani mwako.