Shati na Sketi: Maneno Ndugu ya Kiingereza

Wengi wanaojifunza Kiingereza huingiwa na tashwishi waonapo maneno mawili yaliyofanana sura lakini maana zake ni mbali mbali. Hudhani ya kuwa Waingereza waliyachanganya ovyo. Sivyo. Neno lina nasaba kama mtu, na aijuaye nasaba yake hupambanukiwa na maana.

Tutazame "shirt" na "skirt", ambayo hata sisi tumeyapokea, tukayaita shati na sketi. Asili yake ni neno moja la kale lililohusu kitu kilichokatwa kifupi. Vinywani mwa Waingereza sauti ya "sk" iligeuka kuwa "sh". Kwa jirani zao wa Denmark na Norway haikugeuka. Ndivyo ziachanavyo lahaja: mtu wa Unguja husema "jicho", na wa Mombasa husema "jito".

Katika mwaka 866 jeshi la Wadenmark liliuteka mji wa York, kaskazini ya Uingereza. Miaka kumi baadaye, katika 876, waligawana mashamba ya nchi ile, wakashika majembe. Waliokuja kwa upanga wakawa majirani, na kwa kuwa lugha zao zilikaribiana, maneno yakaingiliana. Basi vazi moja likawa na majina mawili. Lakini lugha haipendi kulisha watumwa wawili kwa kazi moja. "Shirt" likabaki kwa vazi la kifuani, na "skirt" likashuka, likawa jina la sehemu ya chini ya gauni, hata likawa vazi la peke yake.

Mjini York lipo fumbo jingine. Katika Kiingereza cha vitabuni "gate" ni lango. Lakini Stonegate na Micklegate si malango, bali ni njia za mji. Maana "gata" kwa wale wageni wa kale ni njia. Malango ya ukuta wa York huitwa "bar". Kwa hiyo Micklegate Bar ni lango la njia kubwa, wala hapana kosa.

Tena liko neno "starve". Zamani maana yake ilikuwa kufa tu, kwa sababu yo yote. Baadaye Kiingereza cha vitabuni kililifunga kwa kufa njaa. Lahaja za kaskazini zikalishika pia kwa kuteswa na baridi. Mkulima wa kaskazini akilalamika kwa neno hilo huenda anaomba moto, na mwenyeji wa kusini asiyejua akamletea mkate. Nani amekosea? Hapana hata mmoja, kwani kila mmoja amerithi fungu lake.

Msidhani mambo haya ni ya kuchekesha tu. Winston Churchill, katika historia yake ya Vita Vikuu vya Pili, asimulia jinsi wakuu wa majeshi ya Uingereza walivyowaambia wenzao wa Marekani ya kwamba wataka "to table" hati fulani. Kwa Mwingereza maana yake ni kuileta mezani ijadiliwe. Kwa Mmarekani ni kuiweka kando isahauliwe. Wakabishana muda mrefu, hata kwa maneno makali, kisha wakatambua ya kuwa tangu mwanzo walikuwa wakitaka jambo lile lile. Na hao walikuwa marafiki, katika vita vilivyohusu maisha ya watu wengi.

Basi tusikiapo neno tunalolijua likitumiwa kwa maana tusiyoijua, tusifanye haraka kumcheka msemaji wala kumkasirikia. Na tumwulize kwanza: kwenu neno hili lina maana gani? Huenda analo fungu la urithi ambalo sisi hatukulipata.