Ba, Bi, Bu za Chuoni

Nilifundisha darasa la kwanza hapa Tanga mpaka nikastaafu. Kila Januari niliwatambua watoto waliopitia chuoni, yaani madrasa ya Kurani, kabla hata hawajafungua mdomo: kidole kilianzia kulia mwa mstari.

Zamani chuoni mwalimu aliandika kwenye ubao kwa wino wa masizi na kalamu ya mwanzi. Herufi be kwa alama ya fataha ni ba, kwa kasra ni bi, kwa dhumma ni bu. Watoto wote kwa sauti moja, miili ikiyumba. Aliyehifadhi aliosha ubao, akaandikiwa somo jipya, hadi akaingia Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani. Alisoma Kiarabu, lugha ambayo nyumbani kwao hakuna aliyeizungumza. Ndiyo maana wapo wanaosema ule ulikuwa ukasuku. Mimi sikubali. Kasuku haandiki barua, na watu wa pwani waliandika Kiswahili chao kwa herufi zizo hizo: barua za Kilwa za mwaka 1711 bado zipo Goa, India.

Haikuwa kazi nyepesi. Alama za irabu ni tatu, Kiswahili kina irabu tano. E ikajibanza kwa i, na o kwa u. "Kuku" na "koko" yakaandikwa sawasawa, na msomaji akategemea sikio lake kujua lipi ni lipi. Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alihangaika kuziongezea herufi hizo alama za sauti zetu.

Wajerumani walipofungua shule ya serikali hapa Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1890, herufi zilikuwa za Kirumi. Kwa Kiswahili ni nafuu kweli, sibishi. Lakini ba, be, bi, bo, bu ya darasani kwangu haikuwa ngeni kwa mtoto wa chuoni: alishajua kuiunga konsonanti na irabu, akabakiza be na bo tu.

Marehemu bibi yangu aliwaandikia barua majirani wa mtaa mzima kwa hati ya Kiarabu. Siku moja alikwenda ofisini kufuatilia kiwanja, karani akamchovya dole gumba kwenye wino, akajaza kwamba hajui kusoma wala kuandika.

Mwalimu mwenzangu unayepokea darasa la kwanza, kabla hujaandika "hajui" kwenye karatasi ya upimaji, muulize mtoto jioni anasoma wapi, kisha mwambie akusomee.