KIJITI CHA KAMERA KUUKUU

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu pana picha ya babu au bibi iliyotiwa fremu, naye ameketi kitini wima kama aliye mbele ya kadhi. Kule Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha zilizotoka humo zingali zikitazamwa hata leo. Picha twazitunza. Kamera za zama zile tumeziacha makabatini, na ajaribuye kuifufua moja aghalabu hukuta kuwa maradhi yake siyo yale aliyoyadhania.

Yako maradhi ya mwili, nayo hayana siri. Kuvu huota juu ya lenzi, hasa huku pwani, na kamera iliyofungiwa ndani ya mfuko wa ngozi ndiyo huharibika mapema, maana kuvu hupenda giza na unyevu. Ikiwa imekwisha kuila kioo, hakuna kitambaa kitakachoondoa alama yake. Mvukuto wa ngozi nao hutoboka penye mikunjo. Fundi hutia taa ndani yake gizani, na kila penye tundu hung'aa nyota. Hayo yote mkono wenye subira huyaweza.

Linaloua kamera ni kukosa mwenzake. Mwaka 1901 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa mkanda uitwao 120, kwa ajili ya kamera yake ya sanduku, Brownie namba 2. Viwanda vingine vikaupokea, na hata leo ungali unatengenezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ile ile ikatoa mkanda wa 620. Upana ni ule ule, na karatasi ya mgongoni ni ile ile. Kilichobadilika ni kijiti cha kuviringia, ambacho kilifanywa chembamba zaidi na visahani vyake vikapunguzwa. Kweli, kijiti chembamba chaweza kupunguza unene wa kamera. Lakini Kodak ilipoacha kutengeneza mkanda huo mwaka 1995, kamera nyingi nzima zilibaki bubu.

Sisi wenyewe tulirithi Brownie Six-20 ya marehemu mjomba wetu. Ndani tulikuta kijiti kitupu chenye kutu, nasi tukakitupa pamoja na vumbi, kisha tukasugua lenzi kwa fahari. Fundi mmoja mzee alipoiona akatuuliza, "Na kijiti umekiweka wapi, mwanangu?" Tulikaa karibu mwaka mzima tukitafuta vingine viwili: kimoja cha kubeba mkanda mpya, na kimoja cha kuupokea uliokwisha kupigwa.

Tazameni sasa habari ya lenzi. Mwaka 1949 kamera ya Contax S, iliyotengenezwa Dresden katika Ujerumani ya Mashariki, ilitumia parafujo yenye kipenyo cha milimita 42. Baadaye Praktica ya huko huko, Pentax ya Japani na Zenit E ya Urusi zilitumia kipimo hicho hicho. Kwa hiyo mwenye kamera ya Kirusi iliyopoteza lenzi aweza kuifungia lenzi ya Kijapani, wala hapana atakayemwuliza kabila la parafujo. Mataifa yaliyotofautiana katika siasa yalikutana katika uzi wa chuma, ilhali kampuni moja haikukubaliana na mkanda wake yenyewe!

Betri nazo zina kisa chao. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilipima mwanga kwa betri za zebaki za volti 1.35. Zebaki ni sumu, na nchi nyingi zimepiga marufuku betri hizo; Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulikaza katazo hilo, na ni haki. Betri ya kawaida ya volti 1.5 huvidanganya baadhi ya vipimo. Mafundi hutumia badala yake vibetri vya vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo volti zake hukaribia zile za zamani.

Vijiti vyetu vilipopatikana, tulinunua mkanda wa 120, tukaziba dirisha kwa blanketi, tukauviringisha gizani mara mbili: kwanza kwenye kijiti kimojawapo, kisha kwenye cha pili, ili mwanzo wake urudi nje. Vidole vilitutetemeka. Kamera hiyo hupiga picha nane, na katika nane hizo tano zilitoka. Ya kwanza ni ya mjane wa mjomba, ameketi barazani, wima.